Umeme wa Upepo na Mizani ya Gridi: Nani Analipia Nguvu Inayopotea Usiku?



Nchi yetu ya Kenya imejaliwa kupata karibu asilimia 90 ya umeme wake kutoka katika vyanzo visivyokwisha: mvuke wa ardhini, maji ya mito, upepo na mwanga wa jua. Mataifa mengi tajiri bado yanakitamani kiwango hicho. Hata hivyo, nchi hii hii hukabiliwa na hali mbili zinazoonekana kupingana ndani ya usiku mmoja. Saa mbili usiku, familia zinapopika, watoto wanapodurusu na maduka yangali wazi, umeme huwa haba, kiasi kwamba mwaka 2025 serikali ilikiri kuwa baadhi ya maeneo hulazimika kukatiwa nyakati za jioni ili mtandao usizidiwe. Saa tisa usiku, watu wakiwa wamelala na viwanda vingi vimefungwa, umeme huwa mwingi kupita mahitaji, na sehemu ya nguvu hiyo huachwa ipotee.

Nguvu inayopotea haipotei bure. Ina mwenye kuilipia, na mara nyingi huyo ni mwananchi anayenunua tokeni ya shilingi mia moja kwa simu yake. Ndiyo maana tunaona inafaa kulitazama jambo hili kwa jicho la imani na la akili pamoja. Suala la kulinganisha upepo na mahitaji ya umeme linaonekana kuwa la wahandisi peke yao, lakini ndani yake mna maswali ya haki, ya uwakili mwema na ya mafao ya wengi, ambayo Mafundisho Jamii ya Kanisa yanatutaka tuyajibu.

Mizani isiyosubiri

Ili tuelewe, yatupasa kwanza kujua jinsi gridi ya taifa inavyofanya kazi. Mahindi yakizidi huwekwa ghalani, na maji yakizidi hujazwa tangini. Umeme unaopita katika nyaya hauna ghala la namna hiyo. Kila sekunde, kiasi kinachozalishwa nchini hakina budi kulingana na kiasi kinachotumika. Mitambo mikubwa iliyounganishwa na gridi huenda pamoja kwa mwendo mmoja, na mkondo wake hufanya mizunguko 50 kwa kila sekunde. Wateja wakiwasha vifaa vingi kuliko nguvu iliyopo, mitambo hulemewa na mwendo hushuka. Wakizima vingi kwa ghafla, mwendo hupanda. Ukitoka nje ya mpaka mdogo unaoruhusiwa, vyombo vya ulinzi hujikata vyenyewe ili mitambo isiharibike, na giza huanza kuenea kutoka eneo moja hadi jingine.

Kazi ya kuitunza mizani hii ni ya wahandisi wa kituo cha taifa cha kudhibiti mtandao, ambao hawalali. Mikononi mwao wana vyanzo vya tabia mbalimbali. Mabwawa ya maji ni watumishi watiifu: mlango ukifunguliwa, maji huzungusha mtambo na umeme huongezeka ndani ya dakika chache. Mitambo ya dizeli nayo hutii, lakini ni ghali na moshi wake ni mchafu. Visima vya mvuke vya Olkaria, karibu na Naivasha, hupenda kufanya kazi kwa kiwango kile kile usiku na mchana, kwa maana si rahisi kufunga na kufungua kisima chenye joto la namna hiyo kila siku. Upepo na jua havipokei amri ya mtu yeyote. Jua huzama kila jioni kwa saa inayojulikana. Upepo huvuma upendapo, kama Bwana wetu alivyomkumbusha Nikodemo, na mhandisi anachoweza kufanya ni kuutabiri kwa kadiri na kujiandaa.

Upepo wa Turkana na saa zake

Kusini mashariki mwa Ziwa Turkana, katika eneo la Loiyangalani, Kaunti ya Marsabit, kuna mitambo 365 ya upepo yenye uwezo wa jumla wa megawati 310. Mradi huu, unaojulikana kama Lake Turkana Wind Power, uligharimu zaidi ya euro milioni 600. Uliunganishwa na gridi mwezi Septemba 2018 na kuzinduliwa rasmi mwezi Julai 2019. Umeme wake husafirishwa kwa njia ya urefu wa kilomita 428 hadi kituo cha Suswa, Kaunti ya Narok, na kutoka hapo husambazwa nchini.

Mahali hapo hapakuchaguliwa kwa kubahatisha. Kati ya nyanda za juu za Ethiopia na nyanda za juu za Kenya pana mwanya mpana wa ardhi ya chini. Hewa inayotoka upande wa Bahari ya Hindi hubanwa katika mwanya huo na kuongeza kasi, kama maji ya mto yanapopita kati ya majabali mawili. Wataalamu wa hali ya hewa wameuchunguza mkondo huu kwa miongo mingi, na wanaeleza kwamba nguvu zake hubadilika ndani ya saa ishirini na nne: huwa mkali zaidi usiku hadi alfajiri, na hulegea mchana.

Hapa ndipo tatizo linapozaliwa. Mahitaji ya umeme nchini hufika kileleni kati ya saa moja na saa nne usiku. Mwaka 2025 kilele hicho kilivuka megawati 2,300. Baada ya saa sita usiku mahitaji huporomoka hadi karibu nusu ya kiwango hicho. Basi upepo unapofika kwenye nguvu yake kuu, watumiaji wamekwisha kulala. Tufanye hesabu rahisi. Mitambo ya mvuke wa ardhini nchini ina uwezo wa zaidi ya megawati 900. Tukiongeza megawati 310 za Turkana, megawati 100 za mitambo ya upepo ya Kipeto katika Kaunti ya Kajiado, na megawati 200 ambazo Kenya ilianza kununua kutoka Ethiopia mwezi Novemba 2022, tunakuwa tumevuka kiwango kinachohitajika saa tisa usiku, hata kabla ya kufungua mlango wa bwawa lolote. Ni kweli kwamba mitambo yote haifanyi kazi kwa uwezo wake kamili kwa wakati mmoja. Hata hivyo, hesabu hiyo inaonyesha kwa nini wasimamizi wa gridi hulazimika usiku kuiamuru mitambo ya upepo ipunguze uzalishaji, na kwa nini mvuke wa Olkaria huachiliwa hewani bila kuzungusha chochote.

Giza la mwezi Agosti 2023

Usiku wa Ijumaa tarehe 25 Agosti 2023, majira ya saa nne kasorobo, karibu nchi nzima ilizama gizani, na sehemu nyingi hazikurudishiwa umeme hadi siku iliyofuata. Kampuni ya Kenya Power ilieleza kwamba mtandao ulipoteza kwa ghafla umeme wa mitambo ya Turkana, takriban megawati 270. Wenye mitambo nao walieleza kwamba mitambo ilijizima yenyewe kwa sababu nguvu ya umeme katika gridi ilikuwa imepanda kupita kiasi, na kwamba kujizima huko ndiko kunakoiokoa na uharibifu. Katika uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta jenereta ya akiba haikuwaka mara moja, na waziri wa uchukuzi wa wakati huo aliomba radhi hadharani. Giza la namna hiyo lilirudi tena mwezi Novemba na mwezi Desemba mwaka ule ule.

Hatukusudii kuamua nani kati ya pande mbili alikuwa na makosa. Jambo la msingi ni kwamba chanzo kimoja kilibeba sehemu kubwa mno ya mzigo wa nchi, kupitia njia moja ndefu, na hapakuwa na akiba ya kutosha yenye uwezo wa kuingia ndani ya sekunde chache. Ikumbukwe pia kwamba njia kubwa ya umeme kutoka Ethiopia nayo huishia Suswa. Mtu anayeweka mayai yake yote katika kikapu kimoja, kisha akakitundika kwenye tawi moja, hana sababu ya kuulaumu upepo siku tawi likitikisika.

Tunasisitiza hili kwa sababu baada ya kila giza husikika sauti za kusema kwamba umeme wa upepo haufai, na kwamba heri turudi kwenye dizeli na makaa ya mawe. Ushahidi hausemi hivyo. Mwezi Januari 2022 nchi ilipozama gizani, upepo haukuhusika: minara ya njia ya umeme kutoka Kiambere ilianguka jijini Nairobi baada ya waharibifu kung'oa vyuma vyake ili waviuze. Tena katika miaka ya ukame mkali kati ya 2020 na 2023, mabwawa yalipopungua maji, upepo na mvuke wa ardhini ndivyo vilivyoziba pengo. Upepo una mipaka yake, sawa na maji na dizeli. Hekima ni kuijua mipaka ya kila kimoja na kuvipanga visaidiane.

Mkataba unaolipwa hata umeme usipotumika

Sasa tufikie suala la fedha. Mkataba wa umeme wa Turkana ni wa miaka 20, na kwa asili yake unamtaka mnunuzi alipie umeme ambao ungezalishwa, hata pale ambapo mtandao umeshindwa kuupokea. Wananchi walianza kuonja uchungu wa kanuni hii mapema. Mitambo ilikuwa imesimamishwa yote kufikia mwaka 2017, lakini njia ya kusafirisha umeme, iliyokuwa jukumu la upande wa serikali, ilichelewa baada ya mkandarasi wa kwanza kufilisika. Mapanga yalikuwa tayari, upepo ulivuma, na hapakuwa na waya wa kuupeleka umeme. Fidia ya ucheleweshaji huo ilifika mabilioni ya shilingi, na mzigo wake ukaishia kwa walipa kodi na watumiaji.

Ni lazima tuwe wa haki katika hukumu zetu. Mkataba wa namna hii si wizi kwa sababu tu ni mzito. Anayekopa mamia ya mamilioni ya euro ili kujenga mitambo jangwani anahitaji uhakika kwamba atalipwa, na bila uhakika huo mitambo isingejengwa. Upepo hauna gharama ya mafuta: karibu gharama yote hulipwa mwanzoni, katika vyuma, barabara na riba. Kosa la kimaadili huingia pale hatari yote inapotwikwa upande mmoja, tena upande ule usiokuwa na kiti mezani wakati wa majadiliano. Bili ya umeme ina vipengele vingi ambavyo mwananchi wa kawaida hajafafanuliwa: gharama ya mafuta ya mitambo ya dizeli, marekebisho ya thamani ya fedha za kigeni, kodi na tozo mbalimbali. Kwa vile umeme wa Turkana hulipwa kwa euro, na mikataba mingine hulipwa kwa dola, shilingi inapodhoofika, kama ilivyodhoofika hadi mwanzoni mwa mwaka 2024, mama anayechoma chapati sokoni hulipa zaidi bila ya kutumia hata taa moja ya ziada.

Mafundisho Jamii ya Kanisa yanatuambia kwamba mkataba hauwi wa haki kwa sababu tu pande mbili zimetia sahihi. Ni lazima uheshimu pia haki za asili za wale ambao utawagusa. Uwazi wa mikataba ya umeme, ambao umeombwa mara nyingi bungeni na na mashirika ya raia, ni sehemu ya haki hiyo, kwa maana anayelipa anastahili kujua anacholipia.

Vipande visipotee

Injili ya Yohane inatusimulia kwamba Yesu alipokwisha kuulisha umati kwa mikate mitano na samaki wawili, aliwaagiza wanafunzi wavikusanye vipande vilivyosalia ili kisipotee chochote, nao wakajaza vikapu kumi na viwili. Aliyekuwa na uwezo wa kuongeza mikate hakutaka makombo yatupwe. Wingi wa kipaji haukuwa ruhusa ya ubadhirifu. Tunaona katika agizo hilo kipimo cha sera ya umeme. Mungu ametujalia upepo kwa wingi. Je, vikapu vyetu viko wapi?

Kikapu cha kwanza tunacho tayari, nacho ni maji. Mabwawa ya Mto Tana, yaani Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, pamoja na Turkwel, Sondu Miriu na mengine madogo, yana uwezo wa jumla wa zaidi ya megawati 800. Upepo unapovuma usiku, milango ya mabwawa inaweza kufungwa na maji yakatunzwa kwa ajili ya kilele cha jioni inayofuata. Kwa njia hiyo upepo wa saa tisa usiku huwa kana kwamba umehifadhiwa ndani ya bwawa la Masinga. Denmark, ambayo hupata zaidi ya nusu ya umeme wake kutokana na upepo, huutegemea mpango wa namna hii kwa msaada wa mabwawa ya jirani zake Norway na Sweden. Afrika Kusini imekwenda mbali zaidi: katika kituo cha Ingula, kwenye milima ya Drakensberg, chenye uwezo wa megawati 1,332, umeme wa saa za mahitaji madogo husukuma maji kutoka bwawa la chini hadi la juu, na jioni maji hayo hushuka na kuzalisha umeme tena. Kikapu hiki kina mpaka wake. Maji ya Tana si ya umeme peke yake: ni ya kunywa, ya mifugo na ya mashamba ya watu walio chini ya mto hadi Garissa na pwani.

Kikapu cha pili ni betri kubwa za gridi. Jimbo la South Australia lilizama gizani mwezi Septemba 2016 baada ya dhoruba kali. Mwezi Desemba 2017 lilikwisha kuzindua betri ya Hornsdale yenye uwezo wa megawati 100, kando ya shamba la mitambo ya upepo. Betri ya namna hiyo haitoshi kuliwashia jimbo zima taa usiku kucha. Faida yake kuu ni wepesi: huingia kabla ya sekunde moja kupita, mwendo wa gridi unapoyumba, na kuwapa wahandisi muda wa kuamsha mitambo mingine. Hiki ndicho hasa kilichokosekana Agosti 2023. Kampuni ya KenGen imekwisha kutangaza nia ya kujenga betri kubwa nchini. Wananchi wana haki ya kuuliza mpango huo umefika wapi.

Kikapu cha tatu ni ujirani mwema. Njia ya umeme inayotuunganisha na Tanzania kutoka Isinya hadi Singida imekamilika, nao wenzetu wa Tanzania wana bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji lenye uwezo wa megawati 2,115. Ethiopia ina mabwawa makubwa, na Uganda ina Mto Nile. Upepo wa Turkana ukizidi, jirani anaweza kuutumia na kuyatunza maji yake. Ukipungua, anaweza kuturudishia. Mshikamano wa mataifa, ambao Kanisa huuhubiri, hapa huonekana katika waya unaovuka mpaka.

Kikapu cha nne ni saa za matumizi yenyewe. Tangu mwezi Desemba 2017 viwanda na biashara vimekuwa na bei ya nafuu kwa umeme unaotumika nyakati za usiku, kwa nusu ya bei ya kawaida na kwa masharti fulani. Magari na pikipiki za umeme nazo zilipangiwa mwaka 2023 bei ya shilingi 16 kwa uniti, na shilingi 8 saa za mahitaji madogo. Pikipiki inayochajiwa usiku wa manane hula upepo ambao ungetupwa, na asubuhi humpeleka kijana wa bodaboda kazini bila petroli. Lakini mteja wa nyumbani hayumo katika nafuu hii. Mjane anayesukuma maji kwa pampu ndogo alfajiri hulipa bei ile ile anayolipa saa mbili usiku. Hatusemi kwamba mama aamke saa tisa usiku apike ugali ili kuisaidia gridi. Tunasema kwamba ikiwa mwenye kiwanda anatuzwa kwa kuhamisha saa za matumizi yake, basi mwenye nyumba anayeweza kufanya hivyo apewe nafasi hiyo hiyo, na mita zinazohesabu umeme kwa saa zisiwe za matajiri tu.

Wanaokaa chini ya mitambo

Hatuwezi kuzungumzia mizani ya gridi tukasahau mizani nyingine. Ardhi ya mradi wa Turkana, takriban ekari 150,000, ni malisho ya jadi ya jamii za Warendille, Wasamburu, Waturkana na Waelmolo. Mwezi Oktoba 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi huko Meru iliamua kwamba hati za ardhi hiyo zilipatikana bila kufuata sheria, na ikatoa mwaka mmoja ili kasoro zirekebishwe. Mwezi Mei 2023 mahakama ilikataa kuongeza muda. Tena kwa miaka mingi wakazi wa eneo hilo wamelalamika kwamba nyaya nene zinapita juu ya maboma yao kuelekea miji ya mbali, wakati wao wenyewe wakibaki gizani.

Mradi umeleta pia mema ambayo ni lazima yatajwe: barabara ya zaidi ya kilomita 200 kutoka Laisamis imetengenezwa, na zahanati, shule na visima vimesaidiwa. Lakini msaada hauchukui nafasi ya haki. Papa Fransisko, katika Waraka wake wa Laudato Si' wa mwaka 2015, alifundisha kwamba jamii asilia ziwe wabia wakuu wa mazungumzo pale miradi mikubwa inapoigusa ardhi yao. Waraka ule ule unahimiza kuachana hatua kwa hatua na makaa ya mawe na mafuta. Mafundisho haya mawili yametoka katika kalamu moja, na hatuna ruhusa ya kuchagua moja na kuliacha jingine. Nishati safi inayopatikana kwa hati chafu bado haijawa safi.

Ipo hapa pia kanuni ya auni, ambayo inadai kwamba jambo linaloweza kufanywa na jamii ndogo lisinyang'anywe na mamlaka kubwa. Tunapotafuta mahali pa kuutumia umeme wa ziada wa usiku, kwa nini tusianze na wale walio karibu nao? Kusukuma maji ya visima kwa ajili ya mifugo na kugandisha barafu ya kuhifadhia samaki wa ziwani ni kazi zinazoweza kufanyika usiku, upepo unapovuma. Tangi la maji lililojaa alfajiri ni betri ya maskini, nalo halihitaji madini ya kuagizwa kutoka ng'ambo.

Wajibu wetu

Tukiyatazama haya yote, tunaona mambo matatu yanayodaiwa na dhamiri ya Kikristo.

Kwanza, viongozi wetu waziweke fedha mahali penye pengo. Kujenga mitambo mingine ya upepo bila betri, bila njia mbadala za kusafirisha umeme na bila bei zinazofuata saa ni kuongeza nguvu ya kutupwa usiku. Hotuba za uzinduzi huvutia kamera, nazo akiba na matengenezo hazina utepe wa kukata. Yosefu kule Misri hakusifiwa kwa kuwa na mashamba makubwa. Alisifiwa kwa kujenga maghala katika miaka ya shibe, njaa ikiwa bado haijabisha hodi.

Pili, taasisi za Kanisa zenyewe ziwe mfano. Parokia, shule, seminari na hospitali zetu hutumia umeme mwingi. Halmashauri za parokia zinaweza kukagua bili zao, kuuliza kama zinastahili bei ya usiku, kuweka pampu za maji na mashine za kufulia zifanye kazi baada ya saa nne usiku, na kuepuka pasi na majiko makubwa kati ya saa moja na saa nne. Mwezi Juni 2024 Papa Fransisko aliagiza kuandaliwa kwa mtambo wa umeme wa jua huko Santa Maria di Galeria, nje ya Roma, kwa ajili ya mahitaji ya Vatikani. Ikiwa mji wa Papa unapanga matumizi yake, nasi tusione kazi hiyo kuwa ndogo.

Tatu, kila mwamini atambue kwamba gridi ya taifa ni mali ya wote. Anayejiunganishia umeme kwa wizi, anayenunua vyuma vya minara akijua vilikotoka, na anayekula mlungula ili mkataba mbovu upite, wote humwibia mgonjwa aliye kwenye mashine ya oksijeni. Mkatoliki hawezi kupokea Ekaristi Dominika na kununua chuma cha mnara Jumatatu huku akidhani kwamba mambo hayo mawili hayahusiani. Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo zina mahali pazuri pa kulizungumzia hili kwa uwazi, hasa katika Kipindi cha Kazi ya Uumbaji, kuanzia tarehe 1 Septemba hadi tarehe 4 Oktoba, Sikukuu ya Mtakatifu Fransisko wa Assisi.

Upepo wa Turkana ulivuma maelfu ya miaka kabla ya sisi kuzaliwa, na utaendelea kuvuma baada yetu. Kilicho chetu ni uwakili wa muda mfupi: kuupokea kwa shukrani, kuugawa kwa haki na kuutunza usipotee wakati jirani yuko gizani. Tumwombe Roho Mtakatifu awaangazie viongozi, wahandisi na sisi sote, ili kipaji alichotupatia Mwenyezi Mungu kifike hadi nyumba iliyo mwisho wa waya, na hata ile ambayo waya bado haujaifikia.

Amina.